Pataudi: nahodha wa kriketi aliyecheza kwa jicho moja

Mpira wa kriketi ni mgumu na umevikwa ngozi. Mrushaji mwenye kasi huutuma kwa zaidi ya kilomita 130 kwa saa, na mpigaji mwenye gongo hupata kama nusu sekunde tu ya kuamua aupigeje. Je, mtu aliyepoteza jicho anaweza kuucheza mchezo huo?

Jibu tunalipata kwa Mansoor Ali Khan Pataudi wa India. Alizaliwa Bhopal mwaka 1941. Baba yake, Iftikhar, alichezea Uingereza na baadaye India, akafariki siku mwanawe alipotimiza miaka 11. Kijana naye alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kama baba yake.

Msikilizaji, usidhani kriketi ya Oxford ilikuwa mchezo wa wanafunzi tu. Miaka ile timu ya chuo ilikutana na timu za majimbo zenye wachezaji wa kulipwa, na mechi hizo zilihesabiwa kuwa za daraja la kwanza. Mwanafunzi aliyeng'ara hapo alionekana nchi nzima. Mwaka 1961 Pataudi alikuwa nahodha wa timu hiyo.

Tarehe 1 Julai mwaka huo, mjini Hove, baada ya siku ya mechi na Sussex, gari alilopanda lilipata ajali. Kipande cha kioo kikaingia jicho la kulia. Alifanyiwa upasuaji, lakini jicho hilo halikuweza tena kumsaidia.

Ubongo hulinganisha picha za macho mawili ili kujua kitu kiko umbali gani. Fumba jicho moja kisha jaribu kutunga uzi kwenye sindano, utaona shida yake. Pataudi aliandika kwamba hata kumimina maji kwenye glasi kulimshinda mwanzoni, yakamwagika mezani.

Alirudi mazoezini, akajifunza upya kuupima mpira. Wakati mwingine aliona mipira miwili badala ya mmoja. Alizoea kuishusha kofia ifunike jicho bovu, ategemee lile zima.

Desemba 1961, kabla ya miezi sita kutimia, alichezea India kwa mara ya kwanza, mjini Delhi, dhidi ya Uingereza. Januari 1962, mjini Madras, alipata mikimbio 103, na India ikaishinda Uingereza kwa mara ya kwanza katika mfululizo wa mechi. Mikimbio ndiyo alama za kriketi, na kufikisha 100 ni heshima kubwa.

Machi 1962 nahodha Nari Contractor aliumizwa vibaya na mpira kichwani huko Barbados. Pataudi akakabidhiwa timu akiwa na miaka 21. Rekodi yake ya nahodha mdogo kuliko wote ilidumu hadi 2004, ilipovunjwa na Tatenda Taibu wa Zimbabwe.

Aliongoza mechi 40. Alishinda 9, akapoteza 19, nyingine zikaisha bila mshindi. Lakini mwaka 1968 aliiongoza India kushinda mfululizo ugenini kwa mara ya kwanza, huko New Zealand. Kwa jumla alipata mikimbio 2,793 na kufikisha mia mara sita. Alifariki mwaka 2011.

Basi, ukiwa na kijana aliyeumia jicho, mpeleke mapema kwa mtaalamu wa macho. Kuhusu michezo, usimwambie yamekwisha kabla hajapewa muda wa kujifunza upya.