Mbaazi za Kilwa na sufuria za shule

Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara kuu ya Kusini ilikatika Somanga, wilayani Kilwa, na malori ya kutoka Dar es Salaam yakakwama. Mwaka uliofuata ikakatika tena. Hapo ndipo unapoona jinsi jiko la shule au la hospitali lilivyo mbali na shamba la jirani.

Chakula kipo. Pwani ya Lindi inatoa muhogo, mbaazi, kunde, choroko, ufuta na nazi, na sehemu kubwa hulimwa bila mbolea ya viwandani. Lakini kutotia mbolea hakutoshi kuliita shamba la kilimo hai. Mikorosho hupuliziwa dawa dhidi ya ubwiriunga, na baadhi ya dawa hizo ni za viwandani. Mbaazi zilizopandwa chini ya mikorosho hiyo haziwezi kuuzwa kama mazao hai, hata kama mwenyewe hakuzigusa kwa dawa yoyote.

Pa kuanzia kulisha shule kwa mazao hai ya jirani ni mbaazi. Mizizi yake hurutubisha udongo kwa naitrojeni, punje zake zina protini nyingi, na mbaazi za nazi hakuna mtoto wa pwani wa kufundishwa kuzila. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kuziagiza, bei iliporomoka na wakulima wa Kusini wakabaki na magunia ndani. Wakati huohuo shule nyingi zilikuwa zikipika makande au uji mtupu, na nyingine hazikupika kabisa.

Shamba likishakuwa safi, uhai wa zao mara nyingi hupotelea ghalani. Mbaazi zikikaa miezi miwili bila kinga hubunguliwa, basi mwenye mzigo hunyunyiza dawa ya unga, na kazi yote ya msimu imeharibika. Mifuko isiyopitisha hewa inaondoa haja hiyo: miwili ya plastiki ndani, mmoja wa nje wa kubebea. Anika mbaazi mpaka zikauke sawasawa, jaza mfuko wa ndani kabisa, kamua hewa kwa mikono, sokota mdomo, ukunje na uufunge kwa kamba. Kisha fanya vivyo hivyo kwa wa pili na wa tatu. Wadudu waliomo humaliza oksijeni na kufa. Tundu moja la panya linatosha kuharibu mpango huo, kwa hiyo ghala lenyewe lazima lilindwe.

Mpishi naye aziloweke mbaazi usiku kucha. Serikali imezitaka taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na mbaazi kavu zisizolowekwa zinakula gesi nyingi mno.

Nani atathibitisha kwamba mbaazi hizo ni hai? Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao hai tangu 2007, chenye alama ya Kilimohai, na kinaruhusu uhakiki shirikishi: wakulima wa kikundi wanakaguana mashamba, pamoja na wanunuzi, bila kumlipa mkaguzi wa kigeni. Kilwa hawataona ajabu. Vijiji vya Kikole na Kisangi viliingia kwenye cheti cha kikundi cha misitu cha FSC mwaka 2009, kwa ajili ya mpingo. Waliozoea kutunza kumbukumbu za mti mmoja mmoja hawawezi kushindwa na daftari la shamba la mbaazi.

Kikwazo kikubwa ni ununuzi. Shule ya wanafunzi 400, kila mmoja gramu 50 za mbaazi kavu mara mbili kwa wiki, inahitaji kama kilo 1,560 kwa mwaka wa masomo, yaani magunia yasiyozidi 16. Mnada wa stakabadhi ghalani umepangwa kwa mnunuzi wa tani nyingi, na shule haina fedha mkononi mavuno yanapoingia. Mkulima naye hawezi kungoja malipo mpaka Januari. Brazil ilitunga sheria mwaka 2009 kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue kwa wakulima wa familia. Sisi tunaweza kuanzia kwenye halmashauri: shule kadhaa ziungane, ziagize kwa pamoja, na AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, ambayo tayari ina mizani, ghala na orodha ya wakulima, izihifadhie shule mzigo huo kando.

Ombi langu kwa kamati za shule za Kilwa, Lindi na Mtama: kaeni na AMCOS zenu kabla ya mvua za kupandia, mwandikiane kiasi, bei na mwezi wa malipo. Na halmashauri zitenge fedha hiyo ilipwe wakati wa mavuno.