Hedifoni za studio kwa watayarishaji wa muziki wa nyumbani: Nini cha kuzingatia kabla ya kununua

Kwa miaka mingi, bendi iliyotaka kurekodi wimbo nchini Tanzania ilisubiri zamu yake katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Miaka ya 1990 zikafunguliwa studio binafsi, zikiwemo MJ Records na Bongo Records, na Bongo Fleva ikapata nyumba yake. Leo kazi ile ile inaweza kufanyika katika chumba cha kupanga, kwa kompyuta mpakato, kadi ya sauti, maikrofoni moja na vipokea sauti vya masikioni, ambavyo watumiaji wengi huviita hedifoni.

Kati ya vifaa hivyo, hedifoni mara nyingi hununuliwa mwisho, kwa fedha iliyobaki baada ya vingine kupatikana. Mpangilio huo haufai. Mtayarishaji huamua kila jambo kwa kile anachokisikia. Hedifoni ikiongeza besi kuliko ilivyo, yeye huipunguza katika wimbo, na wimbo huo ukipigwa redioni au ndani ya daladala husikika mwembamba, usio na uzito. Ikificha sauti kali za juu, yeye huziongeza, na kila herufi "s" inayotamkwa na mwimbaji huchoma masikio ya wasikilizaji. Kasoro ya kifaa huhamia katika wimbo kwa sura iliyo kinyume, na aliyekwisha kulipia video na usambazaji hulazimika kurudi studio kwa gharama mpya.

Hapo ndipo hedifoni za studio zinapotofautiana na zile za kusikilizia muziki kwa burudani. Nyingi kati ya za burudani hutengenezwa ili zipendeze: besi huvimbishwa na sauti za juu hung'arishwa. Za studio hukusudiwa kuonesha wimbo ulivyo, pamoja na makosa yake. Anayezijaribu kwa mara ya kwanza dukani anaweza hata kuziona hazina ladha, akazirudisha kwenye boksi na kuchukua zile zinazotikisa.

Wapo wanaouliza kwa nini fedha hiyo isitumike kununua spika. Jibu liko katika chumba chenyewe. Wimbi la sauti ya hezi 50, eneo ambalo besi na ngoma ya kiki hukaa, lina urefu wa karibu mita 7. Katika chumba cha mita 3 kwa 3, mawimbi marefu kama hayo hugonga ukuta, hurudi, na kujumlishana au kufutana yenyewe kwa yenyewe. Kwa ukubwa huo wa chumba, mvurugiko wa kwanza huangukia karibu na hezi 57, yaani katikati kabisa ya eneo la besi. Aliyekaa karibu na ukuta husikia besi imejaa. Akisogea katikati ya chumba, sehemu ya besi hiyo hupotea. Spika nzuri katika chumba kibaya hutoa taarifa mbaya, na kukirekebisha chumba kwa vifaa vya kunyonya sauti kunaweza kugharimu kuliko spika zenyewe. Hedifoni hukiondoa chumba katika hesabu, na majirani hulala.

Aina kuu za hedifoni za studio ni mbili. Ya kwanza ni iliyofungwa, yenye kifuniko kigumu nyuma ya kila sikio, ambacho huzuia sauti isitoke wala kelele za nje zisiingie. Ya pili ni iliyo wazi, yenye matundu au wavu, ambayo hupitisha sauti pande zote mbili. Wachanganyaji wengi wa sauti huipenda iliyo wazi kwa sababu sauti yake ni pana na haichoshi haraka. Lakini haifai mtu anaporekodi: mdundo anaousikiliza mwimbaji huvuja, ukaingia katika maikrofoni, na ukishaingia humo ni vigumu kuuondoa. Vilevile haifai katika nyumba iliyo kando ya barabara au jirani na mashine ya kusaga. Kwa mwenye uwezo wa kununua hedifoni moja tu, itakayotumika kurekodi na kuchanganya pia, iliyofungwa ndiyo chaguo la busara. Iliyo wazi inaweza kusubiri.

Kuhusu hedifoni zisizotumia waya, suala linahitaji maelezo marefu kidogo kwa kuwa ndizo zilizojaa madukani. Sauti inayopita kwa Bluetooth hubanwa kwanza, kisha hutumwa, kisha hufunguliwa tena, na safari hiyo mara nyingi huchukua zaidi ya milisekunde 100. Anayesikiliza wimbo uliokamilika hatambui lolote. Anayeimba au kupiga kinanda hutambua mara moja. Nyimbo nyingi za singeli hukimbia kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Kwa kasi ya mapigo 200, pigo moja huchukua milisekunde 300. Sauti ikichelewa kwa milisekunde 150, mwimbaji anajisikia nusu pigo nyuma ya mdundo wake mwenyewe, na hakuna mwimbaji anayeweza kukaa kwenye mstari kwa namna hiyo. Aidha, zile zenye mfumo wa kufuta kelele za nje huichakata sauti kabla haijafika sikioni, jambo ambalo mtayarishaji hapaswi kulikubali. Kwa kazi hii, waya bado haujapata mbadala wa bei nafuu.

Kipimo kinachowachanganya wanunuzi wengi ni ukinzani, unaoandikwa kwa omu. Kwa ufupi, hedifoni yenye omu nyingi kwa kawaida huhitaji umeme wenye msukumo mkubwa zaidi ili isikike vizuri. Mfano ulio wazi ni DT 770 Pro ya Beyerdynamic, ambayo imekuwa ikiuzwa kwa matoleo ya omu 32, 80 na 250. Ya omu 250 ikichomekwa moja kwa moja kwenye simu husikika chini na dhaifu, na mnunuzi asiyejua hudhani ameuziwa mbovu. Anayetegemea simu, kompyuta mpakato au kadi ya sauti ndogo ya USB atafute yenye omu kati ya 30 na 80, ili asilazimike kununua kikuza sauti cha ziada.

Maandishi ya kwenye boksi kuhusu masafa hayana uzito unaodhaniwa. Sikio la kijana mwenye afya husikia takriban hezi 20 hadi 20,000, na kiwango cha juu hushuka kadiri umri unavyosonga. Boksi linalotangaza hezi 5 hadi 40,000 halisemi lolote kuhusu uaminifu wa sauti, mradi halikueleza sauti inapanda na kushuka kwa desibeli ngapi ndani ya masafa hayo.

Kwa upande wa bei, ni faida kuchagua modeli iliyokaa sokoni muda mrefu, kwa sababu tabia yake inafahamika na vipuri vyake hupatikana. Sony MDR-7506, iliyoingia sokoni mwaka 1991, ni iliyofungwa, ina omu 63, na kwa miaka mingi imeuzwa Marekani kwa takriban dola 100. Audio-Technica ATH-M20x iko chini ya bei hiyo na inamtosha anayeanza, ingawa waya wake hautoki. Ndugu yake, ATH-M40x, ina waya unaochomoka. Jambo hilo laonekana dogo dukani, lakini waya ndio huwa wa kwanza kukatika, na hedifoni ambayo waya wake hubadilishwa kwa dakika moja haiendi kwa fundi. Modeli hizi zimetajwa kama mifano tu. Zipo nyingine za ubora unaolingana. Bei za hapa nchini huwa juu zaidi kutokana na usafirishaji na kodi, na mnunuzi anapaswa kulijua hilo anapokutana na bidhaa "halisi" inayouzwa chini ya bei ya kiwandani.

Modeli maarufu ndizo zinazoghushiwa. Kabla ya kulipa, boksi likaguliwe kwa makosa ya tahajia na nembo iliyofifia, namba ya utambulisho ya kwenye kifaa ilinganishwe na ya kwenye boksi pale zinapokuwepo, na umbo la pini lilinganishwe na picha katika tovuti ya mtengenezaji. Kwa mfano, waya wa ATH-M40x hufungwa kwenye kikombe cha sikio kwa kuzungushwa. Mnunuzi adai risiti ya mashine ya kielektroniki, EFD, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka adai. Risiti hiyo pia ndiyo ushahidi wake wa kwanza akitaka kurudishiwa fedha. Anayegundua ameuziwa bidhaa bandia anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Kujaribu dukani kufanywe kwa wimbo ambao mnunuzi anaufahamu neno kwa neno, usio wake. Asikilize kama noti za besi zinatofautiana moja na nyingine au zote zimekuwa mngurumo mmoja. Kama sauti ya mwimbaji imesimama katikati barabara. Na kama masikio yanavumilia mito ya hedifoni kwa angalau dakika 10 katika joto la mchana wa Dar es Salaam. Mito ya ngozi bandia hutunza jasho na huanza kubanduka baada ya muda, hivyo aulize kama ya kubadilisha inapatikana.

Hedifoni iliyo bora bado ina kasoro moja isiyoepukika. Kwa spika, kila sikio husikia spika zote mbili. Kwa hedifoni, sikio la kulia halisikii kabisa kilichowekwa kushoto. Ala zilizotawanywa pembeni huonekana ziko mbali mno, na mwangwi huonekana mwingi kuliko utakavyosikika sebuleni. Mtayarishaji hulizoea hilo kwa kusikiliza nyimbo za wengine kwenye hedifoni hiyo hiyo kwa wiki kadhaa kabla ya kuamini uamuzi wake, kisha kuupeleka kila wimbo kwenye redio ya nyumbani, gari na simu. Spika ya simu haitoi besi ya chini, kwa hiyo mstari wa besi unaosikika kwenye hedifoni pekee utakuwa umepotea kwa wasikilizaji wengi.

Jambo la mwisho linahusu afya. Shirika la Afya Duniani na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, katika kiwango walichokitangaza mwaka 2019, wanashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua kwa nusu: kwa desibeli 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10, na kwa 90 ni takriban saa 4 tu kwa wiki nzima. Mtayarishaji anayefanya kazi saa 6 kila usiku kwa sauti ya juu humaliza kiwango chake cha wiki usiku wa kwanza. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa havioti tena. Sauti iwekwe kiasi cha kumwezesha mtu kusikia anayezungumza naye kwa karibu, mapumziko ya dakika 10 yachukuliwe kila saa, na anayesikia mlio masikioni usiokoma baada ya kazi aende hospitali kumuona daktari wa masikio, pua na koo bila kusubiri wimbo ukamilike.