Mwalimu wa Kujitolea na Mazoezi ya Alfajiri Ukingoni mwa Bahari

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, na hasa Zanzibar ambako vikundi vya mazoezi ya viungo vimekuwa sehemu ya maisha ya mitaa, kazi ya kuwaongoza watu wazima kunyoosha viungo kabla jua halijapanda hubebwa kwa kiasi kikubwa na mwalimu wa kujitolea, yaani mtu anayetoa muda na ujuzi wake bila mshahara, ambaye mara nyingi hana cheo chochote katika mfumo wa afya ingawa anachokifanya ni kukinga maradhi. Zanzibar imevitengea vikundi hivyo maadhimisho yao ya kitaifa kila tarehe 1 Januari, na kwa Tanzania nzima ari ya aina hiyo iliamshwa Desemba 2016, pale Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alipohimiza wananchi kuitumia Jumamosi ya pili ya kila mwezi kufanya mazoezi. Hata hivyo mwili haujengeki kwa siku moja ya mwezi, sembuse ya mwaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye kati ya dakika 150 na 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi, na kwa waliofikisha umri wa miaka 65 unaongeza mazoezi ya kuupa mwili uthabiti, yale yanayomkinga mzee asianguke, angalau siku tatu kwa wiki. Hesabu hiyo hutimizwa pale tu anapokuwapo mtu anayefika uwanjani Jumatatu, akarudi Jumatano, akarudi tena Ijumaa, wawe wamekuja watu arobaini au wanne.

Uthibitisho kwamba mwendo wa kila siku huulinda moyo ulianza kupata nguvu ya kisayansi mwaka 1953, Jerry Morris na wenzake walipochapisha nchini Uingereza utafiti uliowalinganisha madereva wa mabasi ya London, waliokaa kutwa kwenye usukani, na makondakta wa mabasi hayo ya ghorofa, waliopanda na kushuka ngazi wakikusanya nauli, ikaonekana kwamba maradhi ya mishipa ya moyo yaliwapata makondakta kwa uchache zaidi. Maelezo ya kibiolojia yamezidi kukamilika tangu hapo: msuli unaofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu hata kwa mtu ambaye insulini yake, yaani homoni inayoruhusu sukari kuingia kwenye seli, imepungua nguvu, na mishipa iliyotanuka wakati wa zoezi huliacha shinikizo la damu likiwa chini kwa saa kadhaa baadaye.

Ukingo wa bahari unafaa kwa kazi hii kwa sababu ni wa wote na hauna kiingilio. Bustani ya Forodhani mjini Unguja, iliyotengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub na kufunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati uliosimamiwa na Wakfu wa Aga Khan wa Utamaduni, jioni huwa ya wachoma mishikaki na wauza juisi ya miwa, lakini alfajiri ina nafasi ya kutosha kwa watu kupanga safu. Mombasa nako, ufukwe wa Mama Ngina uliokarabatiwa mwaka 2019 una njia pana za kutembea kati ya mibuyu mikubwa, zikitazama meli zinazoingia Kilindini. Saa nayo ina maana yake, kwani hewa ya pwani ina unyevu mwingi unaozuia jasho kukauka, na jasho lisilokauka haliupozi mwili, kwa hiyo zoezi ambalo ni salama saa kumi na mbili asubuhi linaweza kumwangusha mtu huyohuyo saa tano.

Ustadi wa mwalimu huonekana katika mpangilio wa saa nzima. Huanza kwa kupasha mwili moto, yaani kuizungusha miguu, mabega na kiuno taratibu mpaka damu iifikie misuli, kisha huingia kwenye mwendo wa kasi au mbio za polepole, halafu mazoezi ya nguvu ambayo hayahitaji vyuma, kwa kuwa ukuta wa bahari humtosha mtu mzima kuusukuma kwa mikono miwili, na mzee huweza kuushika huku akijizoeza kusimama kwa mguu mmoja. Mwisho hufuata kuupoza mwili, hatua ambayo wenye haraka ya kuwahi kazini hupenda kuiruka na ambayo mwalimu makini haikubali irukwe, kwani anayesimama ghafla baada ya mbio damu nyingi humbakia miguuni, ubongo ukapungukiwa, akaona kizunguzungu. Vikundi vingi hukimbia vikiimba, kiongozi akitoa na wengine wakiitikia, na desturi hiyo ina faida kubwa kuliko inavyodhaniwa: wataalamu wa mazoezi hupima ukali wa zoezi kwa pumzi ya msemaji, wakihesabu kuwa ni la wastani pale mtu anapoweza kuzungumza lakini hawezi kuimba kwa raha, na ni kali pale anaposhindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Mwalimu mwenye sikio zuri husikia nani ameacha kuitikia, akapunguza mwendo kabla yule mtu hajalazimika kuomba mbele ya wenzake.

Kinachomstahilisha mwalimu heshima zaidi ni namna anavyowajua watu wake. Anajua nani anatumia dawa za kisukari na huenda sukari yake ikashuka akija bila kula, nani ana presha na hatakiwi kubana pumzi anapojikaza, na mama yupi anapendelea kusimama safu ya nyuma na buibui lake bila mtu kumhoji. Daktari hospitalini hukutana na mtu huyo kwa dakika chache, mara nyingi ugonjwa ukiwa umeshakomaa, ilhali mwalimu humwona mara tatu kwa wiki akiwa bado mzima, na ni haki ujuzi huo utambuliwe kwa kumpatia mafunzo ya huduma ya kwanza, kipimo cha shinikizo la damu, na njia rasmi ya kumwandikia mtu rufaa ya kwenda kituo cha afya. Halmashauri zina wajibu wao pia, wa taa zinazowaka alfajiri, vyoo vilivyo wazi mapema, na ulinzi wa ardhi ya ufukweni isizungushiwe uzio.

Udhaifu mkubwa wa mpango huu ni kumtegemea mtu mmoja, ambaye akihama au akiugua kikundi husambaa ndani ya wiki chache. Vikundi vyenye busara huwafundisha manaibu mapema, wakaongoza sehemu ya kupasha mwili kwanza na baadaye kipindi kizima, wakazoea hata ratiba ya Ramadhani, ambapo mazoezi huhamia karibu na futari au baada ya tarawehe na ukali wake hupunguzwa kwa wanaofunga.