Bei ya Kamera na Mahali pa Kuirudisha

Kijana wa Kahama au wa Katoro anayekusudia kuingia katika kazi ya kupiga picha za harusi, za sendofu na za video za nyimbo za Kisukuma, aghalabu huwa amekwisha kuijua bei ya kamera aitakayo kabla hajavuka kizingiti cha duka lolote, maana ameiona katika simu yake, mara kwa mfanya biashara wa Kariakoo auzaye kwa Instagram, mara katika duka la mtandaoni la Uchina au la Dubai. Na akiisha kumsikia mwenye duka wa mjini Shinyanga akimtajia bei iliyoipita ile kwa laki kadhaa, hutoka nje moyo wake umejaa tashwishi, akidhani kwamba ameponea chupuchupu kuliwa. Makala haya yanakusudia kueleza ziada hiyo imetoka wapi, ipi katika hiyo ni halali ya muuzaji, na ipi mnunuzi aweza kuikataa bila ya kumdhulumu mtu.

Ulaya mashindano haya yalikuwa ya pande mbili, duka na mtandao, na hukumu yake ilikwisha kutolewa: kampuni ya Jessops, iliyokuwa mashuhuri kwa maduka ya kamera katika miji ya Uingereza, ilianguka Januari 2013 na kufunga maduka yake 187, mwaka mmoja tu baada ya Kodak ya Marekani kuomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika. Wengi huulaumu mtandao kwa msiba huo, walakini simu ya mkononi ina sehemu kubwa zaidi ya lawama, kwani takwimu za chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani zinaonyesha kwamba kamera za dijitali zilizotoka viwandani mwaka 2010 zilizidi milioni 121, na mwaka 2023 hazikufika hata milioni 8.

Huku kwetu mambo ni ya pande tatu, yaani studio, muuzaji wa Instagram na duka la mtandaoni la nje, na mipaka yake imechanganyika. Duka la kamera tupu, lisilouza kitu kingine, ni nadra katika ukanda huu wa Shinyanga na Geita. Tulicho nacho ni studio, ambayo hupiga picha za pasipoti, huchapisha na kutia picha katika fremu, na ndani ya kabati la kioo huweka kamera chache na lenzi chache za kuuza. Mali hiyo, mara nyingi, imenunuliwa Kariakoo na kuletwa kwa basi, safari ya kilomita 1,000 hivi, yaani imetoka katika soko lile lile la yule auzaye kwa Instagram. Jumia, iliyojaribu kuweka duka kubwa la mtandaoni nchini, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na baada yake mtandao wetu umebaki kuwa, kwa kiasi kikubwa, mlolongo wa watu binafsi wenye simu, picha za bidhaa na namba ya kupokelea fedha. Kwa hiyo mnunuzi wa Geita anapolinganisha bei ya dukani na ya mtandaoni, huenda analinganisha wafanya biashara wawili waliochota kisima kimoja, na tafauti yao ni nauli, kodi ya chumba na muda ambao fedha za mwenye duka zimelala kabatini.

Bei ya nchi za nje ina hesabu nyingine. Bei isomwayo katika duka la Uchina au la Dubai kwa kawaida haijaguswa na forodha yetu. Mzigo ukifika hutozwa ushuru kwa tarifa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kisha VAT ya asilimia 18, ambayo haipigwi juu ya bei ya mali peke yake bali juu ya jumla ya bei, bima, nauli na ushuru wenyewe. Anayeona kamera ya shilingi milioni 2 na akaijumlishia nauli tu amesoma nusu ya hesabu. Kuna pia muuzaji aliyeipasua seti: kamera iliyotoka kiwandani pamoja na betri, chaja na lenzi yake huvunjwa, vitu vya asili vikauzwa mbali mbali, na mahali pake pakatiwa betri na chaja za kuiga, kisha kamera ikatangazwa kuwa mpya, na kwa kweli ni mpya, ila si kamili.

Zaidi ya hayo, dhamana ya kiwanda mara nyingi ni ya eneo. Kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya soko moja na kuuzwa katika jingine yaweza kuwa nzima kabisa, wala hakuna wizi ndani yake, lakini ikiharibika mwenyewe hukuta mlango umefungwa: tawi la Nikon la Marekani, mathalani, linajulikana kwa kukataa kutengeneza kamera ambazo halikuziingiza lenyewe nchini humo. Baadhi ya kamera za Sony zilizokusudiwa wenyeji wa Japani hazina lugha nyingine katika menyu zake ila Kijapani, jambo ambalo picha ya tangazo haiwezi kulionyesha, nalo dukani hugunduliwa kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Hapa, katika swali la nani ataipokea mali ikiwa na kasoro, ndipo ilipo asili nyingine ya tafauti ya bei. Wafanya biashara wa pwani waliolelewa katika fikihi ya mauzo waliijua khiyari ya aibu: mnunuzi akikuta katika mali kasoro iliyokuwako kabla ya mauzo, naye hakuijua, ana hiari ya kuirudisha na kurudishiwa thamani yake. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyorithiwa kwa Waingereza, nayo kwa njia yake humtaka muuzaji atoe mali inayolingana na maelezo yake. Haki hizi mbili, ijapokuwa zimetoka katika mila zilizo mbali, zina sharti moja ambalo halikuandikwa: lazima awepo mtu wa kurudishiwa, mwenye mlango unaojulikana na jina linalojulikana. Akilipa ziada dukani, mnunuzi anamlipa muuzaji abebe sehemu ya hatari. Akinunua kwa bei nafuu kwa mtu asiyemjua, hatari yote ameichukua mwenyewe, na unafuu ule ndio ujira wake. Ni biashara halali kwa anayeijua. Taabu ni kwamba wengi huichukua hatari bila ya kujua kuwa wameichukua.

Katika kamera zilizokwisha kutumika, ambazo ndizo wengi wetu tunazozimudu, hatari hiyo ina namba. Shata, kile kipazia kinachofunguka na kufunga kila picha ipigwapo, huchoka. Kiwanda cha Nikon kiliijaribu shata ya D3500 kwa mapigo 100,000, na Canon ikaikadiria ile ya 5D Mark III kwa mapigo 150,000. Hii si ajali iliyoandikwa, kwani ziko zinazokufa kabla na ziko zinazopita mbali, lakini ni kipimo. Mpiga picha wa harusi anayefyatua mara 2,000 katika sherehe moja huzimaliza 100,000 kwa sherehe 50, na katika msimu mzuri wa mavuno au wa dhahabu hizo si nyingi. Basi kamera "iliyotumika kidogo" ni maneno tu mpaka namba ijulikane. Kwa Nikon nyingi namba hiyo hujiandika ndani ya kila picha, na muuzaji wa mbali aweza kuombwa faili la JPEG lililotoka moja kwa moja katika kamera, si lililotumwa kama picha kwa WhatsApp, ambako maelezo hayo hufutika. Kwa Canon nyingi haijiandiki humo, na inahitaji programu maalumu na kamera yenyewe iwe mkononi. Mchimbaji anayekwenda soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, hakubali dhahabu yake ikadiriwe kwa picha. Huitaka mizani na kipimo mbele ya macho yake. Sijui kwa nini mtu huyo huyo hutuma fedha, tena "na ya kutolea", kwa kamera ambayo hajaishika.

Lenzi ndiyo inayotaka macho zaidi. Iliyokaa miaka katika unyevu wa Dar es Salaam au Unguja yaweza kuwa na kuvu ndani, nyuzi nyembamba kama za buibui, ambazo hazionekani mpaka imulikwe kwa tochi upande mmoja na kutazamwa kwa upande mwingine. Ya kwetu huugua vumbi. Lenzi ya zumu ikirefushwa huvuta hewa, na hewa ya machimbo ina unga wa mawe ya kwatsi kutoka kwenye makarasha, unga ulio mgumu kuliko kioo. Anayeipangusa lenzi kwa kanga bila kuipuliza kwanza huikwaruza kwa mkono wake mwenyewe. Fundi wa Shinyanga anayeyajua haya ana maarifa ambayo muuzaji wa Guangzhou hana haja nayo.

Kuhusu memori kadi nitasema machache: zile za bei ya kutupa zilizoandikwa GB 256 baadhi yake hazizidi GB 16, na huendelea kupokea picha huku zikizipoteza. Programu ya H2testw, isiyouzwa, huifichua hila hiyo kwa saa chache katika kompyuta, na ipimwe kabla ya harusi, kwani bibi harusi haolewi mara ya pili kwa ajili ya mpiga picha.

Ushauri wangu, basi, ni kugawa manunuzi. Stendi, mikanda, mifuko na vichujio vinunuliwe mtandaoni bila wasiwasi, maana vikiwa vibovu hasara yake hubebeka. Mwili wa kamera ununuliwe mahali unapoweza kurudishwa, na lenzi iliyotumika inunuliwe baada ya kumulikwa. Ikilazimu kununua kwa mtu wa mbali, fedha ziende kwa Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, wala si kwa namba ya mtu binafsi.

Wenye studio nao wana deni lao. Mwenye duka anayeagiza Kariakoo baada ya kupokea fedha za mteja, kisha akazidisha bei bila ya kuijaribu kamera, bila ya kutoa waranti hata ya mwezi, wala kukubali kuipokea ikirudi, huyo hana alichouza ila usafiri, na mteja ana haki ya kuukwepa. Mwenye studio ajaribu kukodisha lenzi kwa siku, asafishe sensa kwa ada iliyobandikwa ukutani, aandike muda wa waranti. Na katika risiti ya EFD asiridhike kuandika "kamera" tu. Aandike aina yake na namba ya mfululizo (serial number) iliyochapwa chini ya mwili wake, kwani kamera ikiibwa katika msongamano wa sherehe huko Nyarugusu au Masumbwe, namba hiyo ndiyo atakayoulizwa mwenyewe kituo cha polisi.