Usaha Kwanza, Dawa Baadaye

Kidole tumbo kikipasuka, uchafu wa utumbo humwagika ndani ya tumbo, na bakteria wake si wa aina moja. Wamo E. koli, na wamo pia Bacteroides fragilis, ambao hawastawi penye oksijeni. Ndiyo sababu wodi nyingi za upasuaji huandika seftriaksoni pamoja na metronidazoli: ya kwanza huwakabili E. koli na jamaa zao, ya pili wale wakimbia hewa. Piperasilini-tazobaktamu au meropenemu hufanya kazi zote mbili. Ukimchoma mgonjwa meropenemu, kumwongezea metronidazoli kwa kawaida ni kumchosha bure.

Je, dawa kali zaidi ndiyo bora? Kwa bakteria wasio sugu, sioni sababu ya kuikimbilia. Usugu ndio hubadilisha hesabu. Mwaka 2018 utafiti wa MERINO uliwafuatilia wagonjwa wenye E. koli au Klebsiella sugu kwa seftriaksoni katika damu. Ndani ya siku 30 walifariki asilimia 12.3 ya waliopewa piperasilini-tazobaktamu, na asilimia 3.7 ya waliopewa meropenemu. Wengi wao maambukizi yalianzia kwenye njia ya mkojo, si tumboni, lakini onyo linatosha: meropenemu itunzwe kwa ajili ya wanaoihitaji kweli.

Swali ninaloliona zito zaidi ni la siku. Tumelelewa na kauli ya "maliza dozi", lakini dozi yenyewe iwe ya siku ngapi? Utafiti wa STOP-IT, uliochapishwa mwaka 2015, ulihusisha wagonjwa 518 wa Marekani na Kanada. Kundi moja lilipewa dawa kwa takriban siku nne. Jingine liliendelea hadi siku mbili baada ya homa na dalili nyingine kutulia, kwa kawaida siku nane hivi. Waliopata maambukizi ya kidonda, waliorudiwa na ugonjwa tumboni au waliofariki walikuwa asilimia 21.8 katika kundi la siku nne, na 22.3 katika kundi la pili.

Sharti lilikuwa moja: wote walikuwa wameshafanyiwa upasuaji au kutolewa usaha. Dawa haipenyi vyema ndani ya jipu, hata iwe ghali namna gani. Kwa hiyo mgonjwa akifika siku ya tano au ya saba bado anachemka, kurefusha sindano hakutoshi. Apigwe altrasaundi au CT, usaha uliobaki utafutwe.