JE, WAJUA? Bluetooth, kutoka Namboboto hadi Malaba

Ukanda huu wa mpaka, kubeba laini mbili si ajabu: moja ya Kenya, nyingine ya Uganda. Bando za zote mbili huisha, ila Bluetooth haidai hata senti. Hata hivyo, ndiyo inayowapeleka wengi kwa fundi na malalamiko yale yale: haionekani, haishiki, inakatakata. Kabla hujatoa pesa, pitia haya.

MPAKANI

Je, wajua kwamba Bluetooth haili bando wala salio? Wimbo ukitoka kwenye simu yako kwenda ya shemeji yako hupita hewani moja kwa moja, bila kugusa mlingoti wa kampuni yoyote. Data yako italiwa pale tu unapomgawia mwenzio intaneti kwa njia ya Bluetooth.

Je, wajua kwamba simu isiyo na laini hata moja hutuma na kupokea vilevile? Simu iliyo karibu na mpaka inaweza kuhamia mtandao wa Uganda na kukuletea ujumbe wa kukukaribisha ugenini ukiwa ungali Samia, upande wa Kenya. Bluetooth haihusiki na uhamiaji huo.

Je, wajua kwa nini spika iliyonunuliwa Busia ya ng'ambo hucheza bila tatizo Funyula? Bluetooth hutumia masafa ya takriban gigahezi 2.4, ambayo karibu dunia nzima yameachwa wazi kwa vifaa vya nguvu ndogo. Mtumiaji hahitaji leseni, wala kifaa hakihitaji kubadilishwa kikivuka mpaka.

Je, wajua kwamba simu bandia zilizozimwa nchini Kenya mwishoni mwa Septemba 2012 hazikufa kabisa? Tume ya Mawasiliano ya wakati huo iliziondoa kwenye mitandao kwa kutumia nambari za IMEI, zile unazoziona ukibonyeza *#06#. Simu hazikuweza kupiga tena, lakini tochi, muziki na Bluetooth havitegemei IMEI.

Je, wajua kwamba kufuli za kielektroniki kwenye malori yanayopanga foleni Malaba hazitegemei Bluetooth kutoa habari za safari? Mfumo wa kufuatilia shehena unaoshirikisha mamlaka za ushuru za Kenya, Uganda na Rwanda hutumia setilaiti kujua lori liko wapi, na mitandao ya simu kupeleka habari hiyo. Bluetooth ingemfikia dereva wa lori la nyuma tu.

INAVYOFANYA KAZI

Je, wajua kwamba kazi ya kwanza ya Bluetooth ilikuwa kuondoa nyaya? Mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen aliianza mwaka 1994 akiwa na kampuni ya Ericsson mjini Lund, Uswidi. Mwaka 1998 Ericsson, Intel, Nokia, IBM na Toshiba ziliunda shirika moja la kuisimamia. Ndiyo maana itel ya elfu chache huongea na kompyuta ya bei ya ng'ombe.

Je, wajua kwamba ile alama ya Bluetooth ni herufi mbili zilizobebana? Ni herufi za kale za Skandinavia zinazosimamia H na B, za Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10.

Je, wajua kwamba Bluetooth ya kawaida huhama masafa mara 1,600 kwa sekunde? Ina njia 79 za kupitia, na hurukia hii na ile kama mchuuzi anayekwepa kanjo. Ikikuta njia imejaa Wi-Fi, huikwepa. Kwa hiyo spika kumi zinaweza kucheza soko moja bila nyimbo kuchanganyikana.

Je, wajua kwamba mwigizaji wa filamu alikuwa na wazo la namna hiyo miaka mingi kabla? Hedy Lamarr na mwanamuziki George Antheil walipewa hataza nchini Marekani mwaka 1942 kwa mbinu ya kuongoza topido kwa redio inayorukaruka masafa ili adui asiivuruge. Walipendekeza masafa 88, sawa na idadi ya vibonye vya piano.

Je, wajua kwamba Bluetooth ya vifaa vingi vya mfukoni imekadiriwa kufika mita 10 hivi, kwa nguvu ya miliwati 2.5 tu? Vifaa vya daraja la juu hutumia hadi miliwati 100 na kufika mita 100 mahali palipo wazi. Mwaka 2024 kampuni ya Hubble Network ya Marekani ilinasa mawimbi ya Bluetooth kwa setilaiti iliyokuwa kilomita 600 juu ya ardhi, ila kwa antena maalumu. Usitarajie hayo kwa visikizi vyako.

SHIDA ZA KILA SIKU

Je, wajua kwa nini simu ya mwenzio haionekani hata baada ya kuwasha Bluetooth? Simu nyingi za Android huonekana na wengine pale tu ukurasa wa Bluetooth unapokuwa wazi kwenye mipangilio. Mwambie aufungue ukurasa huo, aache skrini ikiwaka, kisha utafute upya.

Je, wajua kwamba simu tano za aina moja zinaweza kuwa na jina moja la Bluetooth? Matatuni au sokoni ni rahisi kumtumia picha ya familia mtu usiyemjua. Ingia kwenye mipangilio, ubadilishe jina la simu yako. Lakini usiweke nambari yako ya simu. Kila aliye karibu ataisoma.

Je, wajua kwamba kifaa cha zamani kikidai nambari ya siri, mara nyingi ni 0000 au 1234? Simu za kisasa huonyesha tarakimu sita kwenye skrini zote mbili. Zilinganishe. Zisipofanana, kataa.

Je, wajua kwamba spika inayokataa kushika huenda imeshikwa na simu nyingine? Spika nyingi hujiunga zenyewe na simu ya mwisho iliyozitumia. Kijana aliyeicheza jana akipita nyuma ya nyumba Bluetooth yake ikiwa wazi, spika itamfuata yeye. Azime yake kwanza, halafu wewe uunganishe.

Je, wajua kwamba dawa ya kifaa kilichokuwa kikishika zamani na sasa kinakataa ni kukisahau? Chagua jina lake kwenye orodha, bonyeza "Sahau", zima na kuwasha vyote viwili, kisha vioanishe upya. Kumbukumbu za uhusiano wa zamani zikitofautiana, vifaa hukataana hata kama vyote ni vizima.

Je, wajua kwamba kibanda cha mabati ni adui wa Bluetooth? Chuma hurudisha mawimbi yalikotoka. Spika ikiwa ndani na simu nje, muziki utakatika hata kwa hatua chache. Weka vyote upande mmoja, au mlango uwe wazi.

Je, wajua kwamba hata mwili wako huzuia? Umejaa maji, na maji hufyonza mawimbi ya masafa haya. Simu ikiwa mfuko wa nyuma wa kushoto na kisikizi kikuu kikiwa sikio la kulia, sauti hukatika. Hamisha mfuko kabla ya kulaumu visikizi.

Je, wajua kwamba filamu ya megabaiti 700 huchukua kama dakika 45 kwa Bluetooth ya kawaida, tena mambo yakienda sawa? Kasi halisi haizidi sana megabiti 2 kwa sekunde. Wimbo wa megabaiti 5 utafika kwa sekunde 20 hivi. Filamu ikikatika katikati, kwa kawaida inakulazimu kuanza upya.

Je, wajua kwamba programu za Quick Share na Xender huenda haraka kwa sababu mzigo wenyewe haupiti Bluetooth? Quick Share hutumia Bluetooth kutafuta simu iliyo karibu, kisha faili husafiri kwa Wi-Fi kati ya simu hizo mbili. Nayo haihitaji bando. Kwa video ndefu, hiyo ndiyo njia.

Je, wajua kwamba iPhone haipokei picha kwa Bluetooth ya kawaida? Hushika spika, visikizi na saa, ila kwa faili Apple imeweka njia yake, AirDrop. Kabambe ya mulika mwizi yenye Bluetooth itakutumia wimbo. iPhone ya bei mara hamsini haitaupokea kwa njia hiyo.

Je, wajua mahali faili iliyopokelewa hujificha? Fungua programu ya faili, utafute folda iitwayo Bluetooth au Download. Kwenye kabambe, angalia kama memori kadi imejaa. Mara nyingi hiyo ndiyo sababu ya kupokea kukwama.

Je, wajua kwa nini redio ya FM ya simu nyingi hudai visikizi vya waya hata ukiwa na vya Bluetooth? Waya ule ndio antena. Chomeka waya, kisha uchague sauti itokee kwenye spika.

Je, wajua kwa nini muziki mtamu hugeuka kuwa wa debe tupu simu ikipigwa? Bluetooth ina njia mbili za sauti: moja ya kusikiliza tu, yenye ubora, na nyingine ya kusema na kusikia kwa pamoja, ambayo kwa vifaa vingi hubana sauti. Programu iliyowasha maikrofoni huleta shida hiyo hiyo hata bila simu kupigwa.

Je, wajua kwamba mdomo na sauti kupishana kwenye video si ubovu? Sauti hubanwa, hutumwa, kisha hufunguliwa, na hiyo hula sehemu ya sekunde. Programu nyingi za video hufidia pengo hilo. Michezo mingi haifidii, kwa hiyo wachezaji bado hupenda waya.

Je, wajua kwamba betri yako kuisha mapema huenda si kosa la Bluetooth? Ikiwa imewashwa tu bila kazi, hutumia umeme kidogo sana. Skrini angavu, na simu kuhangaika kutafuta mtandao ulio dhaifu, hula zaidi.

Je, wajua kwamba kuna hatua moja ya mwisho kabla ya fundi? Ni kuweka upya mipangilio ya Wi-Fi na Bluetooth, iliyo kwenye sehemu ya mfumo. Picha na nyimbo hazifutiki, ila nywila za Wi-Fi na vifaa ulivyooanisha vitapotea. Ikishindikana hapo, mwone fundi.

USALAMA

Je, wajua kwamba kirusi cha kwanza mashuhuri cha simu kilisambaa kwa Bluetooth? Kiliitwa Cabir, kikaonekana mwaka 2004 kwenye simu za mfumo wa Symbian, zikiwemo Nokia. Mwaka 2005 kilizagaa miongoni mwa watazamaji wa riadha ya dunia jijini Helsinki, mashindano ambamo Mkenya Benjamin Limo alitwaa dhahabu ya mita 5,000. Hakikuingia simu ya mtu hadi mwenyewe akubali kukipokea.

Je, wajua kwamba mwaka 2017 palipatikana udhaifu usiohitaji hata kukubali? Uliitwa BlueBorne, na uliathiri mabilioni ya vifaa. Tiba yake ilikuwa sasisho la programu. Simu ya zamani isiyopata masasisho, izimie Bluetooth usipoitumia.

Je, wajua kwamba ombi la kuoanisha peke yake haliwezi kukuchotea M-Pesa? Huduma hiyo hupita kwenye laini yako na mtandao wa kampuni. Hatari ni programu utakayotumiwa na mgeni ukaisakinisha na kuipa ruhusa ya kusoma jumbe zako. Faili usiyoitarajia, ikatae.

Je, wajua kwamba kuingilia simu ya mtu bila idhini ni kosa? Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaweka faini ya hadi shilingi milioni 5, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili.

Je, wajua kwamba mawimbi ya visikizi ni hafifu kuliko ya simu yenyewe? Simu ya GSM inaweza kufikia kilele cha wati 2. Visikizi vya miliwati 2.5 ni mara 800 chini ya hapo. Kinachodhuru masikio kwa hakika ni sauti ya juu kwa saa nyingi.

MUZIKI

Je, wajua kwamba Bluetooth imewahi kuwa duka la muziki la jangwa zima? Mjini Kidal, kaskazini mwa Mali, vijana walibadilishana nyimbo kwa simu na memori kadi. Mmarekani Christopher Kirkley alizikusanya, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 zikatoka kama albamu, *Music from Saharan Cellphones*.

Je, wajua kwamba kibanda kinachojaza nyimbo kwenye kadi kwa ada kinahitaji idhini ya wenye nyimbo? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamlinda msanii wa Samia sawa na wa Nairobi.

Msomaji, jirani akilia kwamba Bluetooth yake imeharibika, muulize manne: ukurasa uko wazi? Spika imeshikwa na nani? Mabati yako katikati? Kifaa cha zamani umekisahau? Mengi yatatatulika hapo hapo, na pesa ya fundi ibaki kwa vioo vilivyopasuka.