Injini kuukuu ya gari la spoti: Heri kununua gari zima

Nchini Uingereza, wapo wapenzi wa magari ya spoti wanaonunua fremu na bodi kiwandani, kisha wakajiundia gari nyumbani. Kinachowatoa jasho ni kupata injini na giaboksi.

Wengi huikimbilia Mazda MX-5, iliyozinduliwa mwaka 1989. Injini yake imekaa mbele kwa urefu na husukuma magurudumu ya nyuma, mpangilio unaoafiki magari mengi ya aina hiyo.

Injini pekee huuzwa kwa bei ya kuvutia. Lakini bila kompyuta yake, nyaya na vitambuzi, hilo ni pande la chuma tu. Afadhali gari zima lililooza bodi: utaisikia injini ikinguruma, utajaribu kila gia, na mabaki utayauza.

Injini za mwanzo za lita 1.6, hadi mwaka 1991, zataka jicho kali. Puli ya mbele ikiyumba, yamkini ncha ya krankishafti imelika. Achana nayo, hata ukibembelezwa vipi.

Stakabadhi nazo zihifadhiwe. Kipimo cha moshi kabla ya usajili hutegemea umri wa injini, na mkaguzi hataki maneno matupu.